Vitufe vya Kibosho: Historia ya Kuandika kwa Mashine, Kutoka Taipureta hadi Kibodi Isiyo na Waya

Kibodi ni ubao wenye vitufe vya herufi, tarakimu na alama ambavyo mwandishi huvibonyeza ili maneno yatokee kwenye kioo cha kompyuta, na kipanya ni kifaa kidogo cha kiganjani kinachosogeza mshale kwenye kioo hicho. Vyote viwili, vikiwa havina waya, huuzwa leo katika maduka ya mjini Moshi ndani ya boksi moja, na boksi hilo hupanda Kibosho likiwa mapajani mwa abiria wa gari aina ya Noah au limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Bidhaa hiyo huonekana ya juzijuzi, lakini karibu kila kilichomo ndani yake kina umri mrefu. Mpangilio wa herufi zake ni wa miaka ya 1870, kazi inayofanywa kwayo ilianza mlimani enzi za ukoloni, na hata wazo la kutuma ujumbe bila waya lilikwisha kupata jina la Kiswahili, simu ya upepo, kabla wengi wa watumiaji wake wa leo hawajazaliwa. Anayetaka kuielewa historia ya vitufe hivi Kibosho hana budi kuuliza nani alikaa mbele ya mashine, na nani alisimama upande wa pili wa meza akisubiri kuandikiwa.

Kibosho iko kwenye mteremko wa Kilimanjaro kaskazini mwa mji wa Moshi, kati ya Uru upande wa mashariki na Machame upande wa magharibi, na watu wake huishi katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa yanayoizunguka nyumba. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ilitawaliwa na Mangi Sina, mmoja wa watawala wenye nguvu kuliko wote mlimani, ambaye ngome yake ilishambuliwa na majeshi ya Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwezi Februari 1891. Katika utawala wa aina hiyo amri ilisafiri kwa mdomo wa mjumbe aliyeaminika, na pale maandishi yalipohitajika, hasa katika shughuli na watu wa misafara kutoka Pwani, kazi iliangukia mikononi mwa wachache waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya vita hivyo, Wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki ambalo mlimani lilikuwa limeanzia Kilema, walifungua misheni Kibosho, na pamoja na katekisimu wakaleta mafunzo ya kusoma kwa herufi za Kirumi. Herufi hizo, ambazo serikali za Wajerumani na Waingereza nazo zilizitumia katika shule na ofisi zao, ndizo zilizoiandalia njia mashine ya kuandikia, kwa kuwa mashine zilizoletwa Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa ajili ya herufi hizo.

Mashine yenyewe iliitwa taipureta, au kwa Kiswahili cha ofisi mashine ya kupigia chapa, na aliyeitumia aliitwa mpiga chapa. Mvumbuzi wake mkuu, Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata pamoja na wenzake hataza, yaani hati inayolinda uvumbuzi, mwaka 1868; kampuni ya Remington, iliyojulikana zaidi kwa bunduki, ikaanza kuiuza mwaka 1874, na mwaka 1878 ikatoa mashine ya pili iliyokuwa na kitufe cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa. Mstari wake wa juu wa herufi ulianza na Q, W, E, R, T na Y, na mpango huo, ambao sababu zake wanahistoria bado wanazijadili, ulifanywa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza peke yake. Kiswahili kilipowekwa juu yake kililazimika kujibana. Herufi Q na X, ambazo maneno ya Kiswahili hayazihitaji kabisa, zilikuwa na vitufe vyao kamili, ilhali A, herufi inayojitokeza katika Kiswahili kuliko nyingine zote, iliwekewa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vyote. Mpiga chapa akiandika neno "mahakama" kwa vidole vyote, mkono wake wa kulia hugawana M, H, K na M nyingine kati ya vidole viwili, wakati kidole kidogo cha kushoto hubaki peke yake kikigonga A mara nne. Na katika taipureta ya chuma, ambapo kila herufi ilikuwa nyundo ya kuinuliwa kwa nguvu za kidole, A iliyogongwa kwa uchovu ilitoka imefifia kwenye karatasi. Ritifaa, alama inayotofautisha "ng'ombe" na "ngoma", ilikaa juu ya tarakimu 8 katika mashine nyingi za zamani, kwa hiyo kila ng'ombe aliyetajwa kwenye barua ya serikali alidai vidole viwili kwa pamoja. Mashine nyingi hazikuwa hata na tarakimu 1, na mwaka 1931 uliandikwa kwa kuazima herufi l ndogo mara mbili.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji uliokua kwenye kituo hicho ndio uliokuwa makao ya taipureta katika eneo hili: ofisi za serikali, maduka ya Wahindi, mawakili, na baadaye ushirika wa kahawa. Ushirika huo ndio sura iliyo muhimu kupita zote katika historia hii. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani walianzisha Kilimanjaro Native Planters Association, kwa kifupi KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake na Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza, akiwaunga mkono. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vya msingi vilivyokuwa karibu na wakulima, vya Kibosho vikiwamo. Katika chama cha msingi kahawa ilipimwa kwa mizani na uzito ukaandikwa kwa mkono kwenye daftari na kwenye risiti ya mkulima, ilhali katika ofisi kuu mjini bei, masharti ya ubora na taarifa za malipo zilipigwa chapa. Kwa maneno mengine, maandishi ya mkono yaliteremka kutoka mlimani na maandishi ya mashine yakapanda kutoka mjini, na mkulima aliyeishika karatasi ya taipu alijua, kabla hata hajasomewa, kuwa imetoka kwenye mamlaka.

Mamlaka hayo yalizidishwa nguvu na stensili, karatasi laini yenye nta ambayo nyundo za taipureta, baada ya utepe wa wino kuondolewa njiani, ziliitoboa kwa umbo la herufi. Stensili ikifungwa kwenye mashine ya kudurufu, wino ulipenya kwenye matundu hayo na kuzaa nakala kwa mamia. Waraka mmoja uliweza kufika katika vyama vyote vya msingi ndani ya wiki ileile ukiwa na maneno yaleyale. Si kila waraka ulipokewa kwa furaha: kanuni zilizowalazimisha wakulima kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU zilizusha manung'uniko na kesi mahakamani, na mwaka 1937 ghasia zilizuka mlimani dhidi ya ushirika huo. Hata hivyo wakulima nao walijifunza haraka kuwa malalamiko yaliyopigwa chapa husikilizwa kuliko yaliyosemwa barazani. Mfano unaojulikana sana ulitoka kwa jirani zao wa Meru, walionyang'anywa ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1951: mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, na aliyesaidia kuiandaa kesi hiyo alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya uwakili Moshi. Ombi la namna hiyo halikuweza kuvuka bahari kwa daftari la mkono. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, jina ambalo kwa Kichagga humaanisha kumekucha, na kwa wasomaji wa Kibosho habari za mlima wao zikaanza kuja zikiwa zimechapwa.

Baada ya uhuru taipureta ilipata watu wake rasmi. Serikali ilipoagiza mwaka 1967 kuwa shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, ofisi zilihitaji wahazili, yaani makatibu wenye ujuzi wa kupiga chapa, kutunza majalada na kuandika hatimkato, ambayo ni mwandiko wa alama fupifupi unaomwezesha mtu kunasa maneno kwa kasi ya msemaji. Chuo cha Uhazili Tabora kilijenga sifa yake juu ya kazi hiyo, na matangazo ya ajira yalitaja kasi ya maneno 80 au 100 ya hatimkato kwa dakika moja. Kilimanjaro, ambako shule za wasichana zilishika mizizi mapema, ilitoa wahazili wengi. Mhazili aliyefundishwa barabara hakuvitazama vidole vyake: viwili vya shahada vilipumzika juu ya F na J, vingine vikajipanga kando yake, macho yakabaki kwenye rasimu iliyolazwa kando ya mashine, na kosa moja kwenye nakala yenye karatasi tatu za kaboni lilimaanisha kufuta mara nne au kuanza upya. Ujuzi huo ulistahili heshima kubwa kuliko iliyopewa, kwa kuwa barua ya uhamisho, ya mkopo au ya kuomba nafasi ya mtoto shuleni haikukamilika bila mikono ya mtu huyo ambaye jina lake halikuandikwa popote ila kwa herufi mbili ndogo chini ya ukurasa.

Kompyuta ingeweza kufika mapema zaidi kuliko ilivyofika. Wizara ya Fedha ilikuwa nayo tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu, na marufuku hiyo ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Mlimani pigo lingine liliongezeka: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na KNCU haikurudi hadi mwaka 1984. Kwa hiyo taipureta zilizokuwapo ziliendelea kutunzwa, kutiwa mafuta na kufungwa utepe uliokwisha kuchakaa, wakati mwingine katika vyumba visivyo na umeme kabisa, jambo ambalo mashine hiyo ililimudu vizuri kuliko zote zilizokuja baada yake.

Kompyuta zilipoanza kuonekana katika parokia, hospitali na shule za mlimani, baadhi zilitoka kwa wahisani wa Ulaya, na hapo mpangilio wa herufi, ambao mpiga chapa aliudhani ni wa dunia nzima, ulionyesha kuwa nao una nchi zake. Katika kibodi ya Kijerumani Z imekaa mahali pa Y, na Y imeshuka mahali pa Z. Kwa Kiingereza kosa hilo hujionyesha mara moja, kwa sababu neno linalotokea halisomeki. Kwa Kiswahili ni la hatari zaidi, maana hujificha ndani ya sarufi: aliyekusudia kuandika "barua ya karani" hutoa "barua za karani", "kalamu yake" huwa "kalamu zake", na sentensi hupita bila kushtukiwa ilhali kimoja kimegeuka vingi. Kibodi ya Kifaransa, ambayo aina yake hutumika mashariki ya Kongo, hubadilishana A na Q, W na Z, hata neno "kahawa" likipigwa kwa mazoea ya Moshi hutokea "kqhqzq". Karani wa chama cha msingi aliyepewa mashine ya namna hiyo alilazimika ama kubandika vijikaratasi juu ya vitufe, ama kuibadilisha lugha ya kibodi ndani ya programu na kuzipuuza herufi zilizoandikwa juu yake.

Majina ya vifaa hivyo nayo yana historia. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, ziitwazo Jambo OpenOffice, na katika kazi za namna hiyo wataalamu walipendekeza maneno kama baobonye, linalounganisha bao na kubonya. Ni neno zuri, na ni hasara kwamba halikushuka dukani, ambako watu walikwisha kuzoea kusema kibodi. Kipanya, kwa upande wake, kilipokewa na wote bila ubishi, labda kwa sababu jina hilo lilikuwa tayari mdomoni mwa watu kwa basi dogo la abiria. Douglas Engelbart na wenzake huko California walikitengeneza mwaka 1964 kikiwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili, wakakionyesha hadharani tarehe 9 Desemba 1968, na kikaitwa panya kwa ajili ya waya wake uliofanana na mkia. Mkia huo ndio uliokuja kukatwa.

Jaribio la mapema la kuukata lilifanywa kwa mwanga: kompyuta ya IBM PCjr, iliyotangazwa mwaka 1983, ilikuwa na kibodi iliyotuma herufi kwa miali isiyoonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni, na mtu aliyepita katikati aliyakatiza maneno. Mwaka 1991 kampuni ya Logitech, iliyoanzishwa Uswisi, ikatoa kipanya kilichotumia mawimbi ya redio, ambayo hayazuiwi na kikombe cha chai wala na rundo la mafaili. Seti zinazouzwa Moshi leo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4: kila kitufe kikibonyezwa, kibodi hutuma namba fupi kwa kipokezi, kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba kinachochomekwa kwenye kompyuta, nacho kipokezi huijulisha kompyuta kama vile kibodi ya waya ingefanya, ndiyo maana hakuna programu ya kuweka kwanza. Aina nyingine hutumia bluetuthi, mfumo wa mawasiliano ya karibu uliomo pia ndani ya simu, na haihitaji kipokezi cha kuchomeka ikiwa kompyuta inao mfumo huo ndani.

Mahali pa kuuona mchango wa seti hii Kibosho ni steshenari, yaani kibanda au duka la kando ya barabara linaloandika, kuchapisha na kutoa kopi, ambalo kwa kawaida hukaa karibu na shule, kanisa au hospitali. Steshenari imerithi kazi ya mpiga chapa wa mjini: barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, mihtasari ya vikao, nota za kwaya. Kazi yake nzito kuliko zote ni wasifu wa marehemu, maelezo ya maisha ya mtu yanayosomwa siku ya mazishi, ambayo huandikwa ndani ya saa chache na ndugu walioketi kwa huzuni na haraka, mmoja akitaja mwaka wa kubatizwa, mwingine akisahihisha majina ya wajukuu. Kwa kibodi ya waya, mwenye duka ndiye aliyekaa mbele ya kioo na ndugu wakachungulia juu ya bega lake, wakiyaona makosa baada ya karatasi kutoka. Pasipo waya kioo chaweza kugeuzwa kiwaelekee wote, na jina la shangazi likiwa na tahajia ambayo ukoo pekee unaijua, kibodi husukumwa upande wa pili wa meza ili mwenye jina aliandike mwenyewe. Upande huo wa meza, ambao kwa karibu karne nzima ulikuwa wa kusubiri, sasa nao unashika vitufe. Makanisani vilevile mtu aliyeketi benchi la tatu huweza kubadilisha mashairi ya wimbo yanayoonyeshwa ukutani bila waya kupita miguuni mwa waumini.

Uhuru huo una masharti yake, na mnunuzi wa mlimani huyajua kwa kuyapitia. Kipokezi hufichwa na mtengenezaji ndani ya tumbo la kipanya, pembeni mwa betri, na wengi wamelitupa boksi wakidhani hakikuwekwa; kikipotea, kwa seti nyingi za bei ya chini kibodi na kipanya hubaki havina kazi, kwa kuwa vimefungamanishwa na kipokezi hicho peke yake. Betri huisha bila kuaga, na betri hafifu hufupisha umbali hadi herufi zikaanza kurukwa, kosa ambalo mara nyingi husingiziwa kompyuta. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika na seti isiyo na waya haiwezi kuisaidia. Faida hubaki kwa mwenye laptopu. Lipo pia jambo la siri: mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya seti zisizotumia bluetuthi ziliweza kuingiliwa kwa redio kutoka nje ya chumba, na mtu mwingine akaingiza herufi zake kana kwamba ni za mwenye mashine. Ofisi inayotunza akiba za wakulima au kumbukumbu za wagonjwa ina sababu ya kweli ya kuchagua waya, au walau kununua seti ambayo mtengenezaji wake hutoa marekebisho, badala ya kuchukua iliyo rahisi kuliko zote.

Mpangilio wa Sholes umevuka mabadiliko haya yote karibu bila kuguswa. Juu ya F na J za kibodi iliyoshushwa jana kutoka kwenye bodaboda vipo vinundu viwili vinavyoongoza vidole vya shahada mahali pake, na mhazili mstaafu aliyezoea taipureta anaweza kuviweka vidole vyake hapo na kuandika bila kutazama. Na katika steshenari ambayo kibodi yake imetumika kwa Kiswahili miaka kadhaa, rangi huanza kutoka kwenye A, kisha I, N na K, hadi A ikabaki kitufe cheusi kisicho na alama, ilhali Q, jirani yake wa juu, ingali imeandikwa wazi kama siku ilipotoka kiwandani.